Moto wa yadi ya skrepa na plastiki umezimwa: sasa fanya hivi

Zimamoto wakishakunja mipira na gari lao likatoka getini, watu huanza kusogea. Mwenye yadi anataka kuona kilichosalia. Vibarua wanataka kujua kama mzigo wao wa jana umepona. Na nje ya uzio wapo vijana wenye magunia, wanaojua vizuri kwamba moto hula plastiki lakini huacha shaba, alumini na chuma. Wote wana sababu ya kuwa na haraka, maana chakula cha jioni kimo humo. Lakini moto wa taka una tabia mbaya: huumiza watu mara ya pili, wakati kila mtu ameshaamini kwamba umekwisha.

Mwongozo huu ni wa Uganda: wa yadi ndogo za Katwe na Bwaise jijini Kampala, wa viwanda vya Namanve, na wa wale wa Jinja, Mbale, Arua na Busia wanaokusanya chupa na vyuma chakavu. Ukisahau mengine yote, shika hili: hakuna anayeingia kuokota kitu mpaka watu wamehesabiwa, rundo limepoa hadi ndani, na betri zimetengwa.

1. Hesabuni watu, fungeni geti

Kazi ya kwanza ni majina. Kiwanda chenye karatasi ya mahudhurio hakina shida. Yadi nyingi hazina karatasi hiyo, kwa sababu waokotaji huingia na kutoka mchana kutwa. Basi simameni pamoja nje ya geti. Muiteni mpima mizani, mama wa chai, mlinzi wa usiku na wachambuzi wa siku hiyo, na kila mmoja ataje aliyemwona mara ya mwisho na alimwona wapi. Ulizeni hasa habari za watoto na za wanaolala yadini. Wapo vijana wanaolala juu ya marobota au ndani ya kontena bila mwenye yadi kujua, na majina yao hayamo popote. Mtu asiyeonekana na asiyepokea simu atajwe kwa zimamoto kabla hawajaondoka. Wakiwa wameshaondoka, pigeni 999 au 112. Hapa Uganda zimamoto iko chini ya polisi, kwa hiyo simu hiyohiyo inatosha.

Kisha geti lifungwe na liwe na mtu. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, akisimama pale na kueleza kwa nini pamefungwa, watu humsikiliza kuliko mlinzi mwenye rungu. Waambiwe pia ukweli kuhusu mzigo wao, jambo nitakalolieleza kwa urefu hapo chini, kwa sababu anayeruka ukuta usiku mara nyingi ni yule anayeona atadhulumiwa.

2. Walioungua na waliovuta moshi

Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe barafu, dawa ya meno, mafuta wala unga. Plastiki iliyoyeyuka ikigandia kwenye ngozi usiibandue, maana itatoka na ngozi. Ipoze hapohapo, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Kampala, walioungua vibaya hupelekwa Kiruddu, ambako kuna wodi ya majeruhi wa moto. Walio mbali waanzie kituo cha afya kilicho karibu.

Moshi ndio unaodanganya. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na ya maganda ya waya, ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma njia ya hewa, na mtu anaweza kula vizuri jioni kisha kifua kikambana siku ya pili. Kwa siku mbili za mwanzo aliyevuta moshi asilale peke yake. Kikohozi kisichokoma, makohozi meusi, sauti kukwaruza, kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali, usiku au mchana. Maziwa hayasafishi mapafu, na kumnywesha mtu maziwa huku mkisubiri ni kupoteza saa anazozihitaji.

Aliyeumia kazini ana haki yake. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe kwa jeraha lililotokana na kazi, na mtu akifa, fidia kwa waliomtegemea ni mapato yake ya miezi 60. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi mapema, usipitishe mwezi mmoja, na nakala ifike kwa afisa kazi wa wilaya. Kibarua asiye na mkataba naye aandike. Jina lake kwenye daftari la mizani na ujumbe wa malipo kwenye simu yake ni ushahidi wa kuanzia.

3. Umeme, kuta na picha

Swichi kuu iliyoungua si ya kuaminiwa hata ikiwa imezimwa. UEDCL, kampuni ya serikali iliyoshika usambazaji wa umeme baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kuisha mwishoni mwa Machi 2025, waje wakate kutoka kwenye nguzo.

Kuhusu jengo, chuma kikifika nyuzi joto 550 hivi hubakiwa na karibu nusu ya nguvu yake, na moto wa plastiki unapita hapo. Paa lililopinda linaweza kukaa siku nzima likaanguka kwa upepo wa jioni. Ukuta wa matofali uliotoa tumbo, kaa mbali nao mara moja na nusu ya urefu wake. Saruji iliyogeuka rangi ya waridi imepita nyuzi 300 au zaidi, aione mhandisi.

Kabla ya kusogeza chochote piga picha za kila upande, kutoka mbali kwanza kisha kwa karibu: mahali moto ulipoanzia, mashine, mita ya umeme, marundo. Ripoti ya polisi mtaihitaji kwa bima, kwa mwenye ardhi na kwa benki, na mchunguzi akikuta mmeshafagia hana la kuandika.

4. Moto uliojificha

Hapa ndipo pa kutulia, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Robota la plastiki limebanwa sana. Moto ukilipitia, sehemu ya nje huyeyuka, kisha maji yakimwagwa hugeuka ganda gumu jeusi, lenye uso laini kama lami ya barabara. Maji yote yanayofuata huteleza juu ya ganda hilo na kuishia mtaroni. Chini yake plastiki inaendelea kuungua polepole kwa hewa kidogo, bila mwali, na moshi mwembamba ambao mchana wa jua hauonekani. Ukiona mvuke unatoka kwenye ufa alfajiri, wakati hewa ni ya baridi, umepata mahali penyewe.

Chukueni nondo ya mita mbili, isukumeni hadi katikati ya rundo, iacheni dakika kumi, kisha ivuteni. Weka mgongo wa mkono karibu na ncha bila kugusa. Joto likikufukuza, moto ungali hai ndani. Rudieni kila baada ya hatua mbili, rundo zima, na mahali palipo na joto pachomekwe kijiti chenye kitambaa chekundu ili wa zamu ya usiku apaone.

Rundo la namna hiyo halizimwi kwa kumwagiwa juu. Linapasuliwa. Kijiko cha ekskaveta kivute robota moja moja hadi kwenye uwanja mtupu, livunjwe, litandazwe lisizidi goti, ndipo limwagiwe maji. Anayemwagia asimame upande unakotoka upepo. Yadi isiyo na ekskaveta ikodi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kuungua mara mbili. Kwa maboksi na karatasi, tieni sabuni kidogo kwenye maji: yatapenya ndani badala ya kuteleza juu. Vumbi na vinyoo vya alumini au magnesiamu vikiwa vya moto visiguswe na maji kabisa, kwa sababu hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Hivyo vifunikwe kwa mchanga mkavu.

Msipande juu ya rundo. Likiungua chini huacha pango, na ganda la juu halibebi mtu. Rundo lililolowa nalo ni zito na huteleza. Kiteezi, kwenye jalala la Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafukia nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa. Kule chanzo hakikuwa moto, lakini uzito wa maji ndani ya taka ni uleule.

Zamu ya kulinda isipungue siku tatu usiku na mchana, watu wawili wawili, na mpira wa maji uliounganishwa tayari. Kwa rundo kubwa, wiki nzima. Siku zinaanza kuhesabiwa upya kila nondo inapotoka na joto.

5. Betri

Betri za simu, kompyuta, taa za sola na pikipiki za umeme zina lithiamu. Zikiumia kwa moto au kwa kukanyagwa huweza kuwaka tena zenyewe baada ya saa, siku, hata wiki. Utaiona imevimba, pengine itapiga mluzi mdogo, itoe moshi mweupe wenye harufu tamu, kisha mwali wa ghafla. Moshi huo ni sumu, usiinamie kutazama.

Ziokotwe kwa beleshi lenye mpini mrefu, moja moja, zitiwe kwenye pipa la chuma lililojaa maji, nje kabisa, mbali na ukuta na marundo. Pipa lisifungwe mfuniko, kwa sababu gesi inataka pa kutokea. Maji hayo baadaye ni taka ya sumu, hayamwagwi mtaroni.

Betri za gari ni nyingine kabisa. Hizo zina asidi na madini ya risasi. Zisitiwe majini. Zisimamishwe wima kwenye beseni la plastiki, na asidi iliyomwagika inyunyiziwe chokaa au magadi mpaka iache kutoa povu. Mitungi ya gesi na makopo ya dawa za kupulizia yaliyopona yasitobolewe kamwe kwa ajili ya kuuza bati lake.

6. Maji meusi

Maji yaliyozima moto yamebeba masizi, mafuta, asidi na risasi. Kampala, mitaro mingi ya katikati ya jiji huishia mfereji wa Nakivubo, kisha kwenye kinamasi, kisha ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na Ggaba, ambako maji ya bomba la jiji huchotwa, iko kwenye ghuba hiyohiyo. Kwa hiyo zibeni mdomo wa mtaro kwa magunia ya mchanga mapema iwezekanavyo, chimbeni shimo upande wa chini wa yadi, litandikeni turubai zito, maji yajikusanye humo. Wajulisheni NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na halmashauri ya jiji au wilaya. Wengine huogopa kuwapigia wakidhani watatozwa faini. Faini inayokuja baada ya samaki kuelea ni kubwa zaidi, na madhara yake hayalipiki.

7. Daftari la mizani

Nimeona miongozo mingi ya majanga ikipita hapa bila kusimama, na inanisikitisha, kwa sababu yadi inaendeshwa na watu wanaolipwa kwa kilo. Mama anachambua chupa tangu asubuhi, anaondoa vifuniko na lebo, analeta magunia yake mizani, yanaandikwa, na malipo anaambiwa Jumamosi. Moto ukiwaka Alhamisi, mzigo wake umeungua akiwa hajapokea shilingi. Mwenye kiwanda ana bima, au ana jamaa. Yeye ana mstari mmoja kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida la shule: tarehe juu, jina kushoto, mara nyingi jina la utani, kilo katikati, na kulia alama ya vema kwa aliyelipwa. Mistari isiyo na vema ndiyo deni. Kama daftari limepona, kila ukurasa upigwe picha siku hiyohiyo, picha zitumwe kwa simu tatu tofauti. Likiwa limelowa, msilianike juani likiwa limefungwa. Wekeni karatasi kavu kati ya kurasa, liachwe kivulini penye upepo.

Likiwa limeungua, kaeni chini na mpima mizani, mpakiaji na mtu mmoja aliyechaguliwa na waokotaji wenyewe, mbele ya mwenyekiti wa LC1. Kila mtu aje aseme alileta nini tangu malipo ya mwisho. Malipo ya wiki zilizopita kwenye simu yataonyesha kawaida yake ni kiasi gani. Anayeleta kilo 40 kwa wiki hawezi kudai 400, na mwenye yadi naye hawezi kumwandikia 10. Kila mmoja apewe karatasi yenye jina, kilo, kiasi na sahihi. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya wenzake, aweke dole gumba.

Kisha mwenye yadi atamke, siku hiyo na getini, kwamba fedha ya kwanza ya chuma kitakachouzwa italipa karatasi hizo. Akilisema hilo mapema na akalitimiza, hahitaji ulinzi wa usiku wa kugombana na watu wake.

8. Majivu

Majivu ya kuni za jikoni tunayajua: yanasugua sufuria, yanatupwa chooni, yanarutubisha mgomba. Majivu haya ya yadi si hayo. Yana risasi kutoka kwenye betri na rangi, yana dayoksini, sumu zinazotokana na kuungua kwa PVC, na hayana matumizi yoyote nyumbani wala shambani. Mtu akija na ndoo kuomba, akataliwe kwa upole na aelezwe sababu.

Yasifagiliwe makavu. Yaloweshwe kidogo kwanza, yazolewe kwa beleshi, yatiwe kwenye mapipa au magunia mazito yenye alama, yakae juu ya saruji chini ya turubai mpaka msafirishaji mwenye leseni ya NEMA ayachukue. Msisubiri mawingu ya Machi au Septemba. Mvua moja kubwa huyapeleka bondeni yote. Wafanyakazi wavae gambuti, glovu nene, na barakoa ya vumbi ya N95 iliyobana usoni. Leso haizuii vumbi hilo, na barakoa ya vumbi nayo haizuii gesi, kwa hiyo palipo na moshi bado, mtu atoke. Wanawe kabla ya kula. Nguo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto, na viatu vibaki nje ya mlango.

9. Jirani wa yadi

Kama masizi yameangukia kwako, futa sakafu, meza na madirisha kwa kitambaa kibichi, usifagie. Tangi la maji ya mvua litenge na bomba la paa mpaka paa na mifereji vimeoshwa, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe. Kama masizi yameshaingia tangini, maji hayo yasinywewe. Kuyachemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua, risasi inabaki palepale. Tumia ya bomba.

Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma zilizofunikwa na masizi zing'olewe zitupwe. Zilizopata kidogo zioshwe jani kwa jani. Kuku ni jambo ambalo wengi hawalifikirii: anaparua udongo siku nzima, anameza chembe za masizi, na dayoksini hukaa kwenye mafuta ya mwili wake na kutoka kwenye kiini cha yai. Wafungiwe bandani walishwe chakula safi, na mayai ya wanaoparua karibu na yadi wasipewe watoto wala wajawazito. Watoto wasichezee udongo huo, na wanawe mikono kila wanapoingia ndani. Mtoto aliyecheza kwenye majivu apelekwe kituo cha afya, mzazi aseme wazi kwamba ni majivu ya betri na plastiki.

10. Kuuza kilichobaki na kufungua tena

Chuma, alumini na shaba iliyoungua bado ina soko, kwa bei ya chini kidogo. Ipimeni mbele ya mashahidi na muiandike. Chupa zilizoyeyuka nusu msizichanganye na nzuri. Mnunuzi akikuta kipande cheusi atakataa robota zima. Maboksi yaliyolowa yauzwe upesi au yatupwe, yakioza hupata joto yenyewe.

Mtakapopanga upya, mamlaka ya mazingira ya Uingereza hutaka rundo la taka zinazoungua lisizidi mita 4 kwenda juu na liachiwe nafasi ya mita 6 hadi lingine. Katwe mita 6 hazipatikani, basi punguzeni marundo na jengeni kati yake ukuta wa matofali au wa mapipa yaliyojazwa mchanga. Jiko la chai na kazi ya kuchomelea vihamie upande mwingine wa yadi. Mashine ya kubana marobota isianze kabla mtu hajakagua kilichotiwa ndani, kwa sababu betri moja ya simu ikibanwa humo inatosha kuwasha yadi yote.

Na pale mizani, wekeni ndoo ya chuma yenye mchanga. Kila gunia linaloingia limwagwe sakafuni kwanza, lipekuliwe, betri zitiwe kwenye ndoo, ndipo lipandishwe mizani. Aliyeleta betri alipwe kwa hiyo betri, hata kidogo, la sivyo atazificha katikati ya chupa.